Nchi Yenu Haina Katikati

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Idara ya Wageni,
Jengo jeupe lenye maua madirishani, karibu na bandari.
(Anwani kamili sina, lakini kwa nchi ya ukubwa wenu naamini tarishi hawezi kukukosa.)

YAH: MALALAMIKO KUHUSU UKUBWA WA NCHI YENU, PAMOJA NA OMBI LA CHETI

Mheshimiwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wote walio chini yako, na bahari yenu nayo ikiwa palepale nilipoiacha. Mimi ni mzima isipokuwa magoti, na hayo nitayaeleza kwa sababu nanyi mna sehemu yenu katika kuuma kwake.

Huenda unanikumbuka. Mimi ndiye yule mgeni aliyewapanga watu foleni mbele ya duka la viatu mpaka polisi akaja. Nilikuwa na mke wangu, ingawa kuna siku moja alikana.

Kwa kazi mimi ni dereva wa lori la masafa marefu. Nilianza kazi hii nikiwa na nywele nyeusi, zikawa nyeupe, na sasa hazipo. Mwisho wa mwezi huu nakabidhi funguo na kurudi nyumbani kukaa. Naomba ulitie alama hilo neno "kukaa," maana ndilo lililonileta kwenu.

Mke wangu amekuwa karani wa shule maisha yake yote na hupenda mambo yaeleweke. Jioni moja tukila aliweka kijiko chini akaniambia, "Baba Nesi" (ndivyo anavyoniita tangu binti yetu mkubwa awe muuguzi) "sisi tumeoana miaka mingi, lakini ukihesabu siku ulizolala nyumbani, bado tuko fungate."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akaendelea, "Mimi nakuona unafika na nakuona unaondoka. Sijawahi kukuona umekaa. Sijui kama naweza kuishi na mtu aliyekaa."

Sasa, Mheshimiwa, mke wangu ana dada yake mjane, mwenye nyumba kubwa na vyumba vitupu. Shemeji yangu huyo ni mtu mwema na ananipenda, ananipenda hasa nikiwa safarini. Aliposikia nastaafu alimpigia simu mdogo wake akamwambia, nami nikiwa chumba cha pili nasikia kila neno, "Akirudi huyo bwana wako ukaona hakaliki, wewe njoo kwangu tukae wawili. Tutazeeka kwa amani, bila mtu wa kuuliza soksi zake ziko wapi." Chumba kilishapakwa rangi. Mapazia yalishashonwa.

Ikaamuliwa kwamba nijaribiwe kwanza. Binti yetu, yule muuguzi ambaye yuko ng'ambo, akatulipia wiki moja katika nchi yenu, akisema ni mahali pazuri kwa watu wawili wa makamo. Mke wangu akaweka sharti lake: tukae pamoja wiki nzima, saa zote, bila lori. Akiridhika, nikistaafu tunabaki nyumbani kwetu. Asiporidhika, anahamia kwa dada yake, nami nitabaki na nyumba na soksi zangu.

Kwa hiyo elewa kwamba niliingia kwenu kama mtu aliyefika kwenye chumba cha mtihani. Matokeo mpaka leo hayajatoka. Mke wangu amenyamaza, na kila siku dada yake anapiga simu kuuliza. Nami, baada ya kutafakari kwa makini na bila upendeleo wowote, nimegundua kwamba makosa yote yaliyotokea wiki ile ni ya nchi yenu. Nayaandika hapa kwa mpangilio.

1. Nchi yenu ni ndogo kuliko ilivyotangazwa.

Katika kijitabu cha matangazo ilijaza kurasa nyingi na picha za kukunjua. Lakini tulipotoka uwanja wa ndege (ambao nao, samahani kwa kusema, uko kwa jirani) nilisogea mbele nikamwuliza dereva wa basi, kama mwenzangu wa kazi, "Bado sana?" Akanionyesha kwa kidole gumba nyuma yake. Tulikuwa tumeshaipita hoteli.

Tulitua mizigo, tukatoka kunyoosha miguu kidogo. Tuliona kasri na askari wake mwenye manyoya kofiani. Tuliona bandari. Tuliona bustani ambayo kila ua limewekewa kibao cha jina lake, kana kwamba litapotea njiani kurudi nyumbani. Chakula cha mchana hakijaiva, mke wangu akaniuliza, "Hii ndiyo yote?" Nikamwambia, "Acha haraka, bado upande wa pili." Tukaenda upande wa pili. Ulikuwa uleule, tukiutazama kwa nyuma.

Mimi nimepita nchi nyingi na naijua nchi inavyotakiwa kuwa. Ina mwanzo, ina mwisho, na katikati pana mahali ambapo hapana kitu chochote. Mahali hapo ni muhimu sana. Hapo ndipo abiria anasinzia, dereva anafikiri maisha yake, na mume na mke wanaweza kunyamaza mwendo mrefu bila yeyote kumwuliza mwenzake, "Mbona umenuna?" Nchi yenu haina katikati. Kila hatua pana sanamu, pana chemchemi, pana duka la saa. Mtu hawezi kunyamaza mbele ya chemchemi. Ukinyamaza pale unaonekana una kisirani, na mke wangu aliniona hivyo siku ya kwanza kabla sijafungua hata sanduku.

2. Mpaka wenu hauna heshima.

Siku iliyofuata nilitaka kurudisha hadhi yangu. Nikamwambia mke wangu, "Leo nakupeleka nchi jirani. Utaona mumeo anavyovuka mipaka." Hilo ndilo jambo moja duniani ninalolijua barabara. Nimelala mipakani mara nyingi kuliko nilivyolala kitandani kwangu. Najua karatasi ipi inatangulia ipi, najua afisa yupi unamwamkia na yupi unamwacha kwanza amalize chai. Nikavaa shati la kola, nikatia pasipoti zote mbili mfuko wa kifuani, nikachukua maji na mkate wa kungojea, tukaondoka.

Nikamwuliza polisi mmoja mwenye glavu nyeupe mpaka uko wapi. Akanionyesha mtungi wa maua mbele ya duka la viatu. Akasema huku ni kwao, kule ni kwa jirani. Nikamshukuru, nikaenda nikasimama kando ya mtungi, pasipoti mkononi, nikatulia.

Mke wangu akauliza, "Unangoja nini?"

"Afisa."

"Afisa yupi? Si unaona watu wanapita?"

"Hao ni wenyeji. Sisi lazima tugongewe muhuri. Tulia, mama, hii ndiyo kazi yangu."

Akanitazama, akauzunguka mtungi, akavuka.

Mheshimiwa, mimi nilisimama kwa adabu. Si muda mrefu, wakaja watalii wawili wazee wenye kamera shingoni, wakaniona, wakaambiana kitu, wakasimama nyuma yangu na kutoa pasipoti zao. Ikaja familia nzima na kigari cha mtoto. Likaja kundi lenye kiongozi aliyeinua mwavuli, naye akaanza kuwaeleza watu wake jambo refu akinionyesha mimi. Foleni ikapinda kona. Mwenye duka la viatu akatoka mlangoni na furaha isiyo na kifani, akadhani ni wateja, akaanzia kwangu wa mbele kuniuliza nakanyaga namba ngapi. Mimi nikajua ndio ukaguzi wenyewe umeanza. Nikavua kiatu nikampa.

Polisi wa glavu alipofika kututawanya, mimi nilikuwa nimesimama kwa mguu mmoja katika nchi yenu, na kiatu changu kilikuwa dukani kinapimwa. Mke wangu alikuwa nchi ya pili, ng'ambo ya mtungi, anacheka huku ameshika ukuta wa nyumba ya watu. Je, mlishindwa hata kufunga kamba? Mlishindwa hata kuweka mtu mmoja mwenye kiti na hasira kidogo?

3. Magari yenu yanadanganya.

Dereva wa masafa akipita kando ya gari lililosimama, mguu wake huenda wenyewe kugonga tairi kupima upepo. Hautumwi na mtu. Ni kama chafya. Kwenye uwanja mbele ya hoteli yenu kubwa magari yamepangwa yanang'aa kama vijiko vipya, nasi tulikuwa tunapita tu, mke wangu ameshika mkono wangu, naomba hilo liandikwe. Nikagonga la kwanza: zima. Nikagonga la pili, moyo ukashtuka. Gari lilikuwa limelala chini kabisa, tumbo karibu liguse barabara. Nikainama, nikagonga tena kwa nguvu kidogo ili niwe na hakika.

Gari likapiga mayowe. Uwanja mzima ukageuka. Akaja dereva wake mbio, bwana mwenye suti nzuri kuliko niliyooa nayo. Nikamweleza kindugu, kwa Kiingereza changu cha kwenye mizani ya kupimia malori, "Mwenzangu, hapa nyuma huna upepo." Alibonyeza kitu mfukoni, na gari zima likainuka lenyewe kama ngamia, likakaa juu kidogo, kisha likajilaza tena. Kumbe limeumbwa hivyo. Likisimama, linapumzika.

Yule bwana akamgeukia mke wangu, akamwuliza kwa upole kama tuko pamoja.

Mke wangu akanitazama juu mpaka chini. "Huyu? Simfahamu. Hata mimi nimeshangaa."

Akaenda zake, Mheshimiwa. Mama wa watoto wangu. Nilimfuata kwa mbali hadi hotelini kama mwizi.

4. Usafi wenu umepita kiasi.

Sina la kuongeza, ila mke wangu amerudi nyumbani na macho ya mkaguzi, na mimi ndiye ninayekaguliwa.

5. Boti zenu haziendi popote.

Nilitegemea bandarini nitapata nafuu, kwa sababu chombo ni chombo, kina mzigo na kina safari. Nikamkuta baharia mmoja anasugua chuma kilichokuwa tayari kinatoa mwanga. Boti lenyewe ni ghorofa. Nikamwuliza linabeba nini. Akasema halibebi. Linakwenda wapi? Haliendi. Lilikuja lini? Halikumbuki, na yeye hakumbuki. Mwenyewe yuko wapi? Akanionyesha juu. Pale palikuwa na mzee mmoja wa kaptura nyeupe, kitambi kama changu, amekaa kitini anatazama maji. Kando yake mkewe anasoma gazeti. Hawasemi. Hawafanyi chochote.

Mke wangu alisimama akawatazama wale watu wawili muda mrefu kuliko alivyolitazama kasri. Halafu akasema polepole, "Unaona? Amekaa."

Nikasema, "Yule ni tajiri. Tajiri anaweza kukaa."

"Kiti kile si cha dhahabu, Baba Nesi. Hata sisi tunacho."

Hapo, Mheshimiwa, mdomo wangu ulitangulia akili. Nilisema, "Basi kama unamtaka mwenye boti, panda."

Nalikubali neno hilo ni langu. Lakini boti lilikuwa lenu.

6. Hakuna mahali pa kugombana, na hakuna mahali pa kwenda baada ya kugombana.

Hili ndilo kubwa, na naomba ulisome umekaa.

Ugomvi mzuri unahitaji nafasi ya mikono. Ninyi barabara zenu zimesimama wima, kwa hiyo mmeweka lifti hadharani, mtu anapandishwa mtaa wa juu kama mzigo. Sisi tuligombana ndani ya lifti hiyo, tumebanana na bibi mmoja na mbwa wake aliyevaa koti. Mke wangu akasema mimi kila nikiguswa kidogo nachomoka. Nikasema mimi nimewalisha watu kwa huko kuchomoka. Akasema hakuna aliyekataa, lakini chakula nacho huliwa na watu waliokaa. Mbwa alikuwa upande wake, nilimwona. Mlango ulipofunguka nilisema neno ambalo nimelisema kila mara tangu tuoane, na kila mara limefanya kazi:

"Basi mimi naondoka."

Kwetu nikisema hivyo, maana yake lori liko yadi, mzigo umeshafunikwa turubai, na nitakaporudi ugomvi utakuwa umekwisha wenyewe. Ndivyo tulivyoishi kwa amani miaka yote. Mke wangu hakupandisha sauti. Alisema, "Haya. Ondoka."

Nikageuka kwa kishindo nikaondoka. Swali langu kwa Idara yako ni fupi: kwenda wapi?

Nilishuka ngazi zenu zote (hapo ndipo magoti yanapoingia). Nikafuata bahari. Hasira yangu imezoea safari, haipoi kabla ya mizani ya pili, kwa hiyo ndiyo kwanza ilikuwa inapata moto. Nikapita bandari, nikapita mtungi wa maua, nikaingia nchi ya pili, nikaona nimekosea, nikatoka, nikapanda, nikakata kona ya bustani, na pale kwenye benchi nikamkuta mke wangu anakula aiskrimu.

"Umerudi?"

"Sijarudi. Napita tu."

"Haya, safari njema."

Nikapita kwa hadhi yangu yote. Nikashuka tena, bahari, bandari, mtungi. Mwenye duka la viatu akanipungia mkono. Safari hii niliamua kushika njia nyingine kabisa, na njia nyingine kabisa ikanileta kwenye benchi lilelile, ila kwa upande wa mgongo.

"Naona umefika tena," akasema bila kugeuka. "Huko ulikotoka hawajambo?"

Sikujibu. Mtu aliye safarini hajibu kila anayemsalimia. Lakini nilipotokea mara ya tatu, nikihema na shati limelowa, alikuwa ameshika aiskrimu mbili.

"Shika, inayeyuka."

Nikaishika, ili isichafue. Nikanyanyua mguu niendelee na safari. Na hapo, Mheshimiwa, ndipo sheria zenu zilipomaliza kabisa uhuru wa mwanamume: mbele yangu palikuwa na kibao kinachokataza kula huku unatembea bustanini. Polisi wa glavu alikuwa kando yake, na tulishafahamiana.

Nikakaa.

Mke wangu akangoja nilambe kidogo, kisha akaongea, tena kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeomba chumvi. "Sisi tukigombana wewe unaondoka, ugomvi unaniachia mimi. Nalala nao, naamka nao, naupeleka kazini, narudi nao. Wewe uko huko unaimba na redio. Ukirudi unashangaa, 'Kumbe bado?' Bwana, ule ni ugomvi wa watu wawili. Mimi nimeulea peke yangu kama nilivyowalea wale watoto."

Nilitaka kuinuka. Aiskrimu ilikuwa bado kubwa. Sijui kwa nini mnazijaza namna ile. Nikatafuta jibu. Barabarani ningelipata baada ya mkoa mzima, ningelisema kwa sauti peke yangu kwenye usukani, lingekuwa jibu zuri sana, na yeye asingelisikia. Pale sikuwa na mkoa. Nilikuwa na benchi. Nikamtazama mke wangu, naye akanitazama, na hapakuwa na kioo cha mbele cha kutazama badala yake.

Yaliyosemwa baada ya hapo si ya barua ya malalamiko. Itoshe kusema kwamba aiskrimu iliisha, watu wakaondoka, na mlinzi wa bustani akaja na funguo. Mke wangu akajifunga vizuri kitambaa chake kichwani akasema, "Twende." Hakusema nimefaulu, hakusema nimefeli. Na mpaka leo hajasema.

Kwa hayo yote, Mheshimiwa, naomba yafuatayo, nayo si mengi:

(a) Nchi yenu iongezwe. Nimeona kwa macho yangu mnavyomwaga mawe baharini ili mpate pa kujenga, kwa hiyo msiniambie haiwezekani. Endeleeni mbele tu, na mkifika ndani sana, tengenezeni katikati. Pasiwe na kitu. Chonde, msiweke chemchemi.

(b) Mpaka uwekewe afisa, meza na muhuri. Muhuri ukiwa umekauka wino, ni bora zaidi. Msafiri apate mahali pa kungoja na kupoa.

(c) Wiki yetu ile ifutwe rasmi. Timu ikicheza kwenye uwanja mfupi, matokeo hayahesabiwi, mechi inarudiwa. Mimi nimechezeshwa kwenye uwanja ambao ukirusha mpira mbali kidogo unaangukia nchi nyingine. Mtihani wangu urudiwe katika nchi ya ukubwa wa kawaida.

(d) Nipewe cheti chenye nembo ya kasri, kiandikwe kwa jina la mke wangu, kiseme hivi: "Tunathibitisha kwamba bwana huyu, akiwekwa mahali penye nafasi ya kutosha, ni mume mtulivu, na kwamba yaliyotokea kwetu yalisababishwa na sisi." Nakala iende kwa shemeji yangu.

(e) Ikiwa cheti hakiwezekani, basi mwalikeni shemeji yangu huko kwenu kama mgeni wa heshima. Mpeni chumba kinachotazama boti, mpeni na yule mbwa wa koti wa kuongea naye, na msiwe na haraka ya kumrudisha. Akiwa huko, kile chumba chake kitakuwa kimefungwa, na mke wangu hatakuwa na pa kuhamia. Nakiri hili la mwisho halijanyooka sana, lakini nimebakiwa na siku chache, na mtu aliyebakiwa na siku chache haandiki kwa kunyoosha.

Barua nimeiandika kwa lugha yangu. Naamini mna watu wa kutafsiri. Mkikosa, binti yangu anaweza, ila atayaondoa yote yanayonipendelea.

Nisalimie polisi wa glavu nyeupe na mwambie sina kinyongo. Nisalimie mwenye duka la viatu, mguu wangu haujabadilika namba. Nisalimie dereva wa lile gari linalolala. Kazi ni kazi. Nisalimie mlinzi wa bustani na samahani kwa kumchelewesha. Na yule mzee wa boti, ikiwa bado amekaa, mwulize anawezaje.

Ni mimi, niliyepita kwenu mara nyingi kwa siku moja,
Dereva, mstaafu mtarajiwa, mume kwa sasa.

Baada ya kutia sahihi: Nilimpa mke wangu barua hii aipitie, kwa kuwa yeye ni karani na mimi herufi kubwa hunichanganya. Aliisoma jikoni amesimama. Alipofika kwenye foleni alicheka mpaka akaketi. Kwenye benchi hakucheka. Alipomaliza akanirudishia akasema, "Hukumu yangu unaiomba kwa watu wa ng'ambo? Si ungeniuliza mimi."

Nikamwuliza. Mheshimiwa, sijawahi kuogopa hivyo hata kwenye mteremko bila breki.

Akasema kukaa nilikaa vibaya, lakini nilikaa, na kwamba laiti nchi ile ingekuwa kubwa kidogo tu, hata kwa mtaa mmoja, nisingekaa kabisa. Kwa dada yake atakwenda Jumapili kumsalimia, jioni anarudi nyumbani. Nikashusha pumzi. Kumbe hajamaliza. Akasema, "Nimeshakuona umekaa. Sasa nataka nikuone unakwenda. Hiyo safari yako ya mwisho, mimi nakuja."

Kwa hiyo nafuta maombi yote, kuanzia (a) hadi (e). Msiongeze hata jiwe moja. Badala yake naomba ushauri, tena wa haraka. Kichwa cha lori ni kidogo kuliko nchi yenu: kina viti viwili, kitanda cha mtu mmoja na birika. Hakina bahari ya kufuata wala kona ya kukata, na nikikasirika sitaweza kuondoka, maana mimi ndiye nimeshika usukani. Ninyi mnaoishi mmebanana hivyo kila siku, mnafanyaje? Niandikieni lolote mnalolijua. Nisamehe mwandiko huu, naandikia juu ya tanki la mafuta. Mzigo umefungwa, msimamizi wa yadi amegeukia ukuta asione abiria asiyeruhusiwa, na mke wangu ameshapanda, amejifunga mkanda, na anapiga honi.